Kifuniko cha Tenki Kilichogoma Ikoma

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, ndipo anisikilize. Mimi ni fundi umeme wa magari, karakana yangu iko Turwa, pale Tarime mjini, na kazi hii imenizoesha kutoamini kitu mpaka nikiguse kwa testa. Haya niliyaona alasiri, jua linawaka, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Siku hiyo nilikuwa Ikoma, natengeneza taa za gari la kambi moja ya watalii, injini yake imeshushwa. Rafiki yangu Mwita, mwenyeji wa hapo, akanipigia simu anahema. Mkewe Bhoke amejifungua mtoto wa kike zahanati, na damu haikatiki. Muuguzi anataka apelekwe hospitali Mugumu upesi, na gari la wagonjwa limeshaondoka na mtu mwingine. Lililobaki kijijini ni la baba yake Mwita. Tenki ni kavu, petroli ipo kwenye dumu, lakini kifuniko cha nje cha tenki hakifunguki.

"Ndugu yangu, wahi nyumbani kwa mzee," akaniambia. "Mimi siwezi kumwacha huyu peke yake."

Nikawasha pikipiki. Huyo Bhoke sikuwahi kumwona, lakini mke wa rafiki ni shemeji.

Nilimkuta mzee amesimama kando ya gari jeupe linalong'aa, viti bado vina nailoni. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mura," akajibu, kama tunavyoitwa vijana wa Kikurya. "Fungua hiyo kitu. Lakini gari yangu usinikwaruzie."

Magari ya aina ile kifuniko hufunguliwa kwa swichi karibu na goti la dereva. Unabonyeza, mota ndogo iliyofichwa nyuma ya buti inavuta kipini, kifuniko kinaachia. Nikabonyeza. Nikasikia tak. Fyuzi nzima. Nikafungua ubao wa ndani ya buti, nikaweka testa kwenye waya, taa ikawaka. Kamba ya dharura, ile ya kuvuta kwa mkono, ilikuwa imekatika zamani, maana gari lenyewe ni la mtumba. Basi umeme ulikuwa mzima na mota ilikuwa nzima. Kipini chenyewe ndicho kilichokwama ndani, vumbi au kutu, Mungu anajua.

"Mzee, naingiza bisibisi hapa pembeni nabandua. Mara moja tu."

"Unabandua nini?"

"Kifuniko. Rangi itachubuka kidogo, labda bati lipinde."

"Hapana! Hii gari haijamaliza mwezi tangu niinunue. Tafuta njia ya kifundi."

"Mzee, mkweo anatokwa na damu."

"Mwanamke gani anazaa bila damu? Wewe ni fundi au mvunja magari?"

Akaja akasimama mbele ya kifuniko, fimbo mkononi, funguo mfukoni. Niambie wewe, ungefanyaje? Kwetu kijana hamsukumi baba wa rafiki yake, hata huyo baba awe anakosea mchana kweupe. Nikaomba, nikabembeleza, nikamtaja mtoto mchanga. Alinitazama kana kwamba naomba kuchinja ng'ombe wake. Mwita akapiga simu, mzee akamjibu fundi anaendelea. Basi nikaendelea na hiyo njia yake ya kifundi. Nikachomoa waya, nikaitoa mota nzima, nikawa nahangaika na kile kipini kwa plaisi kupitia tundu dogo, mkono unachubuka, moyo unachemka kwa hasira.

Hapo ndipo alipoingia uani mwanamke mmoja. Alikuwa kijana, peku, amejifunga khanga ya kijani, anatembea taratibu kama mtu aliyetoka kisimani.

"Bado tu?" akaniuliza.

Nikamwambia bado. Nilidhani ni jirani. Akanipita, akamwendea mzee moja kwa moja, akanyoosha mkono.

"Tata, shika mkono."

Hapa lazima nikueleze. Kwetu mke wa mtoto wako hamsogeleani. Hakupi mkono, haketi ulipoketi, mkikutana njiani yeye ndiye anayepisha. Nikashangaa, huyu ni nani anamwita mzee baba na kumpa mkono bila haya? Mzee akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga gari. Yule mwanamke akamshika mkono wa kulia. Kisha akaweka kiganja chake kwenye kifuniko, na ile mota niliyokuwa nimeishika, haina waya hata mmoja, ikalia tak kiganjani mwangu. Kifuniko kikafunguka chenyewe.

"Haya, jazeni," akasema. "Haraka imekwisha."

Niliitupa mota chini. Nilipoinua macho, pale hapakuwa na mtu, na ua ule una mlango mmoja tu. Mzee alikuwa ameketi mchangani.

"Bhoke," alisema. "Huyo ni Bhoke."

Simu yake ikalia. Mkono wa kulia haukuweza kuishika, nikapokea mimi. Mwita alikuwa analia. Akaniambia nisijisumbue tena.

Petroli tuliimimina bila shida yoyote. Gari jeupe likaenda zahanati, likamchukua Bhoke, amefunikwa khanga ya kijani, likamrudisha nyumbani azikwe. Hata mkwaruzo mmoja halikupata. Niliuma meno njia nzima, na mpaka leo nikikumbuka nayauma.

Mtoto yuko hai, anatembea sasa. Mwita alihama na mwanawe, na hasemi na baba yake. Mkono wa mzee umekufa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Na kile kifuniko hakifungiki tena. Amekifunga kwa mpira wa baiskeli, kwa waya, kwa gundi. Asubuhi anakikuta wazi. Mwaka jana alikuja kwangu Turwa, mkono umening'inia, akaniomba nipime swichi. Nilimwambia umeme wa gari lako ni mzima, mzee, ulikuwa mzima tangu siku ile. Akaondoka bila kuaga.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, siku ukiwa na mgonjwa na kitu kimegoma, kiwe mlango, kiwe kifuniko, usimsubiri mwenye mali akubali. Msukume, hata kama ni baba yako. Vunja. Akitaka kukulaani akulaani. Mimi kila nikibonyeza swichi ya tenki, gari lolote lile, husikia sauti ya mwanamke nyuma ya bega langu inaniuliza, bado tu?