Gari la Mguu Mmoja

Wanaume wa Tabora wanaweza kukaa mwaka mzima bila neno la maana la kusema, lakini wewe taja gari mbele yao uone. Hata ambaye hajawahi kumiliki baiskeli atanyanyuka kitini akufundishe. Nilipotangaza kwamba nataka kununua gari dogo la otomatiki, nilipata walimu wengi kuliko niliokuwa nao shuleni, na wote walianza somo kwa neno moja: usinunue.

Sababu yangu ilikuwa nyepesi, na niliirudia mpaka ikanichosha. Mguu wangu wa kushoto ulivunjwa na bodaboda karibu na soko, mfupa ukaunga vibaya, na tangu siku hiyo kifundo hakikunjiki. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Hata cherehani ya kukanyaga nimeiacha, natumia ya umeme. Kuendesha najua, maana niliendesha pikapu ya marehemu mume wangu miaka mingi. Lakini klachi ni kazi ya mguu wa kushoto, na wangu haukanyagi. Gari la otomatiki halina klachi. Sijui ni sehemu gani ya maelezo hayo ilihitaji kuitishiwa kikao.

Kilichonikimbiza ni mama. Mama anaishi Goweko, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Daktari alisema yanaweza kufanyiwa upasuaji hapa mjini, mradi tusizidi kuchelewa. Upasuaji wenyewe mama aliukubali. Alichokataa ni namna ya kufika. Basi liliwahi kumwangusha ngazini, akaapa hatalipanda tena. Gari la kukodi alilikataa pia, akasema hawezi kushikwa mkono na kijana asiyejua yeye ni binti wa nani. Kaka yetu yuko Dar es Salaam, na huku huja kwenye misiba tu. Kila nilipokwenda Goweko nilimkuta mama anapapasa ukuta zaidi ya mara iliyopita, na niliogopa. Niliogopa kwamba atamaliza maisha yake akinijua kwa sauti peke yake.

Mwalimu mkuu wa wale walimu wangu alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Ni dereva wa lori la kubeba tumbaku, na anaamini kwamba Mungu alipomuumba Adamu alimkabidhi usukani na gia.

"Shemeji, otomatiki ni gari la wavivu," aliniambia, ameketi sebuleni kwangu anakunywa chai yangu. "Halina nguvu. Likikuta mlima linaomba msamaha."

"Mlima gani?"

"Mlima wowote."

Kati ya Tabora na Goweko mlima mrefu kuliko yote ni kichuguu. Nilimwambia hivyo, akacheka kama mtu anayemcheka mtoto, kisha akanimiminia hekima iliyobaki. Otomatiki inakunywa mafuta. Otomatiki ikizima huwezi kuisukuma ikawaka. Otomatiki ikiharibika fundi wake yuko Dar. Dereva wa kweli analisikia gari kwenye kiganja, na kadhalika, mpaka chai ikaisha akaomba nyingine.

"Nunua gari la gia za mkono," alimalizia. "Mama nitamleta mimi."

Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Kwetu, kwa watu wa umri wa mama, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaketi mkeka mmoja, hawali pamoja wala hawatazamani usoni. Mama alishika desturi hiyo tangu mdogo wangu aolewe. Huyu bwana akifika Goweko husalimia kutoka nyuma ya ukuta, na mama humjibu akiwa ameipa mgongo sauti yake. Sasa ndiye aliyetaka kumfungia ndani ya gari, goti kwa goti, safari nzima.

"Mambo ya zamani hayo," alisema. "Atakaa nyuma. Dunia imebadilika, shemeji."

Mdogo wangu, aliyekuwa pale pale anamenya karanga, alitikisa kichwa kukubali. Ndiyo mipango ya familia yetu. Tunapanga kila kitu, tunasahau tu kumuuliza anayepangiwa.

Wakati mwingine nawaza habari za babu zetu wapagazi. Walitwikwa mizigo hapa hapa, wakapita Kigwa, wakaenda kwa miguu mpaka pwani na kurudi, na hatujasikia kwamba mmoja wao alimdharau mwenzake kwa kuwa mzigo wake ulikuwa na mpini mzuri zaidi. Wajukuu wao leo wanaona aibu kuonekana ndani ya gari lenye vikanyagio viwili badala ya vitatu. Heshima yote imehamia kwenye mguu wa kushoto.

Nilianza kutafuta kwa dalali mmoja wa karibu na stendi. Dalali huyu ana imani kubwa na masista. Gari la kwanza alilonionyesha lilikuwa la sista, aliyekuwa akiliendesha kanisani na kurudi. La pili lilikuwa la sista mwingine. La tatu lilikuwa na stika ya timu ya mpira kioo kizima cha nyuma na harufu ya sigara iliyolala humo miaka, nalo pia lilikuwa la sista. Nilimuuliza dalali sista huyo alikuwa akivuta aina gani. Akaniambia, "Mama, wewe angalia injini."

Niliangalia injini, na niliangalia zaidi ya alivyotaka. Usidhani nilikwenda kichwa kichwa. Nimeishi na mashine maisha yangu yote, na mashine ni mashine. Cherehani inayotaka kuharibika huanza kuruka nyuzi kabla haijagoma, na mwenye sikio anasikia. Katika gari la otomatiki nilitaka vitu vichache tu. Kijiti cha oili ya giaboksi nikikichomoa, oili iwe nyekundu na safi, isiwe nyeusi inayonuka kuungua. Nikitoa gia kwenye kuegesha nikaweka ya kurudi nyuma, kisha ya kwenda mbele, gari lisishtuke kama mtu aliyepigwa kofi. Liwe la aina ambayo vipuri vyake vinauzwa hapa hapa Tabora. Na liwe ndani ya uwezo wa mshona sare. Gari la sista wa kwanza lilitoa oili nyeusi kama lami. La sista wa pili lilishtuka mpaka mkoba wangu ukaanguka sakafuni. Yule mvuta sigara sikumwasha.

Nililipata gari langu mahali ambapo hakuna mwalimu hata mmoja aliyenielekeza. Mzee ninayenunua vitambaa dukani kwake, Mhindi aliyezaliwa Tabora kama baba yake, alikuwa anauza kigari cha mke wake. Macho ya mke hayakumruhusu tena kuendesha, na yeye mwenyewe anapenda kutembea. Aliniambia akikata kitambaa cha kaki, bila kuinua kichwa.

"Mlango wa nyuma kulia umekwaruzwa, mama. Nguzo ya nyumba yetu. Redio haifanyi kazi. Kiyoyozi hakipoozi. Mengine yote mazima."

Nilimwamini kwa kuwa alianza na ubaya. Oili ilikuwa nyekundu. Gia ziliingia kimya kimya. Nilizunguka nalo mtaa, mguu wa kulia ukifanya kazi yote na wa kushoto umelazwa pembeni, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu nivunjike. Nilitaka kulipa pale pale. Lakini kwetu mwanamke hanunui gari peke yake; akifanya hivyo, likipata pancha tu ukoo mzima utasema, "Tulimwambia." Nikampeleka shemeji akalikague.

Alilizunguka. Alipiga matairi teke. Alifungua boneti akatikisa kichwa, kazi ambayo wanaume hujifunza wakiwa tumboni. Kisha akaketi kwenye usukani, mimi pembeni yake na mzee wa duka kiti cha nyuma, tukaondoka. Hatukufika mbali. Gari liliposhika mwendo, mguu wake wa kushoto ulikumbuka lori. Ukanyanyuka kutafuta klachi, ukakuta kikanyagio kipana cha breki, ukakikandamiza kwa nguvu zote za tani za tumbaku. Mimi nilikwenda na paji la uso mpaka kwenye dashibodi. Mzee wa duka alinipiga bega kwa kofia yake. Mwenye baiskeli nyuma yetu alisema maneno ambayo siyaandiki.

Shemeji aliushika usukani kwa mikono miwili.

"Breki zake zinang'ata," alisema.

Akaondoka tena, akafanya vile vile tena. Mara ya tatu mzee wa duka aliomba kushuka, akasema kwa adabu kwamba nyumbani si mbali. Ripoti ya ukaguzi aliyoipeleka shemeji kwa mdogo wangu ilisema gari lina hitilafu ya breki. Nililinunua kesho yake.

Siku ya kumfuata mama, mkaguzi wangu alikuwa amesimama getini tangu asubuhi, amevaa kofia ya safari. Eti hawezi kuniacha niende peke yangu na gari lenye hitilafu. Nikachoka kubishana, akaingia. Toka mjini mpaka tukapita Kigwa, mpaka tukaingia njia ya vumbi ya Goweko, mguu wake wa kushoto ulikuwa unakandamiza sakafu upande wake kila nilipopunguza mwendo. Alikuwa anabadilisha gia za gari lisilo na gia za kubadilisha, na jasho lilimtoka. Nilimuuliza kama dunia iliyobadilika imeshafika kwenye mguu wake. Alijifanya anatazama mashamba.

Tulipoingia uani kwa mama nilizima injini. Mama alitoka mlangoni akipapasa fremu, ameshika kifurushi chake, amejifunga khanga mpya.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kinyamwezi.

Alijibu, akaja akifuata sauti yangu. Shemeji akakohoa. Sidhani kama alikusudia. Vumbi lilikuwa jingi. Mama alisimama. Hakuona gari, hakuona mtu, lakini kikohozi cha mkwe wake alikijua. Akageuka akatupa mgongo, akavuta khanga kichwani.

"Mwanangu," aliniambia akiutazama ukuta asiouona, "humo ndani kuna nani?"

Kabla sijajibu, mlango wa upande wa pili ulifunguka. Mtaalamu wa magari, bwana wa dunia iliyobadilika, alitoka ameinama, akakimbia mpaka nyuma ya banda la kukaushia tumbaku. Kutoka huko, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kumsikia nazo, alisema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu," mama aliuambia ukuta. "Asante kwa kutusindikiza. Nenda salama."

Akaenda salama kwa bodaboda. Sikumwonea huruma, na sioni kwa nini nijifanye nilimwonea.

Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, na baadaye la pili. Alikaa kwangu mpaka daktari alipomruhusu. Siku alipofunguliwa la kwanza alinitazama muda mrefu, akasema nimezeeka, nikalia. Nyumbani kwangu aliona mengi, akayatolea maneno: vumbi juu ya kabati, mshono uliopinda katika sare ya mteja, rangi ya mapazia. Kuchechemea kwangu alikujua tangu zamani kwa sikio. Nilikuwa nimemwambia mguu ulivunjika kidogo ukapona, na nyumbani navaa dera linaloburuta chini.

Siku ya kumrudisha alilizunguka gari, mkono juu ya mkwaruzo wa nguzo.

"Ndilo hili walilolipigia kelele zote zile?"

"Ndilo hili."

"Dogo," alisema, akaingia akaketi mbele, kando yangu.

Ninapoendesha hukunja dera mpaka magotini lisininase. Nilifanya hivyo bila kufikiri. Tulitoka mjini, na mama alikuwa akisoma barabara kwa sauti: mwembe ule, mbuzi wale, paa jipya la nani lile. Kisha akanyamaza. Nilipogeuka nilikuta hatazami barabara. Anautazama mguu wangu wa kushoto uliolazwa pembeni, ulivyokonda kuliko mwenzake, na kovu lililoupanda kutoka kifundoni, na pale mfupa ulipopinda.

Alivua khanga ya mabegani akaufunika, kama anavyofunikwa mtoto aliyelala.

"Huu ndio uliovunjika kidogo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mkwe wangu aliuona, akasema gari la wavivu? Na mdogo wako aliuona?"

"Wote waliuona. Nilikuwa nawaonyesha."

Tulifika Kigwa. Pale alisogeza khanga iliyokuwa inateleza, akairudisha juu ya goti langu.

"Basi yule daktari wa macho," alisema mama, "angewaita na wao."