Panga Lililotoka Jekundu

Kila ninapotumbukiza msumari kwenye maji ya mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, ukatoka mwekundu, huwaeleza wanafunzi kwamba chuma hakizishiki elektroni zake kwa nguvu kama shaba: chuma huziachia, shaba iliyoyeyuka majini huzipokea, kisha huganda juu ya chuma. Wao hushangilia. Mimi hunusa ile harufu ya sarafu iliyoloa jasho, nikarudi kwa mawazo Bungu, kijijini kwetu nilipokuwa mtoto.

Mgambo wawili walikuja asubuhi moja kutuhamishia kwa nguvu kijiji cha ujamaa. Mama alikuwa ameyeyusha mrututu wa kupulizia kahawa katika chungu kilichokuwa uani, hajatia chokaa bado. Mmoja wao akachomeka panga lake humo ili mikono iwe huru, akaingia ndani kuvunja vitanda, kisha akamburuta baba nje kwa shati. Baba akagoma. Mgambo akachomoa panga, akampiga kisogoni kwa ubapa. Baba akaanguka kifudifudi.

Mwenzake akaliona panga, jekundu toka nchani hadi katikati.

"We! Umemuua mzee wa watu!"

Aliyelishika akalitupa kama limemuunguza.

Mama alijua si damu. Kisu chake kiligeuka vivyo hivyo kila msimu wa kupulizia kahawa. Lakini alijitupa chini, akaangua kilio cha msiba mpaka majirani wakaitikia, na wale wawili wakatimua mbio kuteremka mlima.

Nilimlalia baba mgongoni nikilia kwa uchungu wote. Niliponyamaza kuvuta pumzi, mdomo wake uliojaa udongo ukaninong'oneza:

"Lia, mwanangu. Usinyamaze mpaka wavuke mto."