Joho la Kaka na Ngedere wa Lionja

Ujinga wangu niutaje mapema, tusizungushane. Nilichukua joho la kaka yangu, lile la mahafali, nikaivalisha sanamu ya kutishia ngedere shambani kwetu Lionja. Kofia yake bapa nikaiweka juu, kichwa chenyewe kikiwa mfuko wa salfa, ile dawa ya mikorosho, uliojazwa majani makavu. Halafu nikasogea nyuma, nikapiga picha kwa simu yake mwenyewe na kuirusha kwenye status yake: "Hatimaye nimepata ajira ya kudumu. Asanteni wote mlioniombea."

Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini katikati ya mahindi. Kwa upande wa utani tu, ile ilikuwa kazi safi, na hilo sitalikana. Picha niliipiga kwa nyuma makusudi, ili mtu aone kwanza msomi kasimama anaangalia shamba, akiikuza ndipo agundue kwamba mikono ni miti. Ila sikuwaza kwamba ndugu zangu wenye simu za vioo vilivyopasuka hawana habari ya kukuza picha. Wao wanasoma maneno, wanapiga simu.

Lile joho lilikuwa na heshima kuliko kitu chochote nyumbani. Wenzake chuoni walikodi, mama akakataa, akamshoneshea la kwake. Siku kaka aliporudi na stashahada yake ya ununuzi na ugavi, mama alimpokea kama mwali wa kiume anayetoka jandoni. Wanawake walipanga kanga njiani, wakapiga vigelegele toka barabarani mpaka uani, na yeye katikati amevaa joho jeusi kwenye jua la mchana, jasho linamtiririka mpaka kwenye viatu. Na kama mwali yeyote, akatoka na jina jipya. Toka siku hiyo akawa Afisa.

Shida ya jina la namna hiyo ni kwamba hulirudishi. Mwaka wa kwanza lilikuwa tamu. Mwaka uliofuata, kila akipita na jembe begani, watu walimwita Afisa, habari za kazi, na walimaanisha mema kabisa. Ilikuwa kama kutemewa mate kwa adabu.

Kutafuta kazi alikotafuta, mimi nimeshuhudia kwa macho. Alikuwa anapanda kichuguu nyuma ya choo, maana hapo tu ndipo mtandao unashika, anatuma maombi huku siafu wanampanda. Aliitwa usaili Dodoma, mama akauza mbuzi, kaka akaenda na kurudi. Tulipomuuliza ilikuwaje, akasema walikuwa wengi. Nachingwea mjini aliacha namba kwenye kila duka lenye stoo. Msimu wa korosho alipata kibarua cha kukaa kwenye mizani, msimu ulipokwisha na kibarua kikaisha. Akarudi kuwinga ngedere, kuwafukuza wasimalize mahindi, maana mimi niko shule na mama mgongo umemchosha.

Mimi nilikuwa namwambia, "Afisa, ngedere wameomba kikao." Mwanzoni alikuwa anacheka. Baadaye alikuwa ananiangalia tu, kama vile nimeongea Kichina.

Ndipo mjomba, kaka yake mama, akaleta neno. Yeye ni msimamizi wa ghala la tajiri mmoja Ruangwa. Alisema ufuta ukianza kuingia tajiri atataka mtunza ghala wa kudumu, siyo wa msimu, mtu mwenye cheti na anayefahamika kwao. Amempa jina la kaka. Kaka akae karibu na simu.

Nililijua hilo. Hiyo ndiyo sehemu mbaya ya habari hii. Siku ile kaka alikwenda Marambo kubeba matofali ya mtu, kule hakuna mtandao, akaniachia simu. Akaniambia mjomba akipiga nipokee, niseme yuko tayari, anakuja hata leo. Nikaitika. Nikaenda shamba na simu, nikafanya niliyofanya, halafu nikacheza gemu la mpira mpaka chaji ikaisha.

Kabla ya magharibi, wanawake wameshafika nyumbani na vigelegele. Mama hakuelewa. Mimi nilielewa, nikakimbia shamba kulivua joho. Kumbe mama mdogo wa Matambarale ameiona ile status na kumpigia mjomba kumpongeza.

Huku kwetu mtoto ni wa mjomba. Akiingia jando, akioa, akipata kazi, mjomba ndiye wa kwanza kuambiwa, hata kabla ya baba mzazi. Mjomba akiipata habari kwa watu wengine, ni sawa na kumwambia kwamba umeshamzika. Kwa hiyo kaka aliporudi usiku na kuambiwa, mama hakupiga hata simu; la namna hiyo huombewa radhi uso kwa uso. Asubuhi yake alipiga pasi ya mkaa shati jeupe la kaka, akamwomba jirani ampeleke kaka kwa pikipiki yake, akaniambia na mimi nipande nyuma yao. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ruangwa tulimkuta mjomba amekaa pembeni ya mizani, wapagazi wanashusha magunia. Tulimwamkia, akaitika marahaba bila kuinua macho.

"Jamani, Afisa huyu," akawaambia wapagazi. "Kapata kazi ya kudumu, amekuja kutuaga."

"Mjomba, sijapata kazi," kaka akasema. "Ule ulikuwa utani."

"Utani wa nani?"

Mimi nilikuwa nyuma yake. Mdomo wangu huu, ambao mwalimu wa zamu huwa anaulalamikia mbele ya shule nzima, niliuficha nyuma ya bega lake.

"Wangu," kaka akasema.

Mjomba akacheka kidogo, cheko la pembeni. "Nilikupigia, hupatikani. Nikasema labda chaji. Mara dada yangu wa Matambarale ananipigia, ananipasua sikio kwa kigelegele. Tajiri kasimama hapo ulipo, malori yamejipanga. Nimwambie nini? Kwamba mwanangu kapata kazi, mji mzima unajua, ila mimi sina habari?"

Hapo ndipo nikasema ni mimi. Nikaeleza yote, joho, mfuko wa salfa, gemu. Wapagazi wawili watatu walicheka, na kwa mara ya kwanza maishani sikufurahi kuchekesha watu. Mjomba akageuza shingo kuangalia mlango wa ghala. Alikuwapo kijana wa rika la kaka, funguo zinaning'inia kwenye mkanda, anahesabu magunia kwa kalamu. Ameanza kazi jana ile ile.

Mjomba akasema huyo hawezi kumtoa. Kijana wa watu hakuwa na kosa lolote.

Kaka alimfuata yule kijana, akampa mkono na kumpongeza. Nilimwona akichungulia ndani, namna magunia yalivyopangwa. Aliporudi, mjomba sauti imeshashuka.

"Mjomba," akamwita mpwa wake hivyo hivyo, kama tunavyoitana huku, "kazi iliyobaki ni ya kushusha. Ukitaka."

Kaka akavua shati. Alilikunja vizuri kwenye alama za pasi, akanipa mimi. Akajitwisha gunia la ufuta, akayumba, mpagazi mmoja akamwambia, "Pinda magoti, Afisa, mgongo uuache." Akapinda magoti. Nilisimama pale nimekumbatia shati, vumbi linatoka kwenye magunia na kumshika mabegani mpaka akafanana na wenzake, nikawa simjui yupi ni yupi.

Alisema atabaki kwa mjomba mpaka ufuta uishe. Kwangu mimi alisema nimwangalie mama, basi.

Jirani akanirudisha peke yangu. Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Aliona pikipiki ina mtu mmoja nyuma, akaendelea kupepeta. Nikakaa chini, nikamsimulia kila kitu, na sikuweka kichekesho hata pale ambapo kingekaa vizuri. Akauliza kama kaka amekula. Nikasema sijui. Akalipokea shati, akalinusa kwapani, akaliweka magotini. Halafu akaliona joho pale nilipolitupa jana yake, nyuma ya mlango, lina matope na harufu ya salfa.

Akasema: "Lifue hilo, ulianike kivulini lisipauke, mwenyewe atalihitaji. Na kesho ukitoka shule upitilize shamba, maana yule aliyekuwa anawinga ngedere umeshamtafutia kazi."