Mama Aliyeshikilia Kitufe Chekundu

Najua mtasema fundi alikuwa amelewa. Sikunywa hata tone. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, kwenye kiwanda kidogo cha kukoboa kahawa huko Izigo. Anayebisha abishe.

Niliitwa kufunga kitufe kipya cha kusimamishia mashine. Cha zamani kilikuwa balaa: ukikibonyeza mashine inasimama, ukiondoa mkono tu inaendelea. Tena umeme ukikatika na kurudi, ilijiwasha yenyewe bila kujali nani yuko wapi. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika. Swichi kuu ilikuwa ofisini, na bosi alikuwa ameondoka na ufunguo kwenda Bukoba mjini. Ningegusaje waya? Nikakaa kumsubiri.

Nilipoinua kichwa, mama mmoja wa makamo alikuwa amesimama kwenye mashine, amekandamiza kile kitufe chekundu. Sikumsikia akiingia.

"Tata, nishikie hapa," akaniambia, akiniita baba kwa Kihaya. "Mwanangu yumo ndani, nikamtoe."

Wewe ungefanyaje? Nikashika. Mkono wake ulikuwa wa baridi, niamini. Akapanda, akazama mzima mzima kwenye mdomo wa mashine, mahali ambapo hata paka angekwama. Na hapo hapo umeme ukarudi.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Bosi alipofika na wapakiaji, wakachungulia, wakamulika tochi.

"Hamna mtu humu! Achia, kahawa ya watu inangoja!" bosi akafoka.

Nikamsihi azime kwanza swichi kuu. Nililia kabisa, sioni aibu kusema. Wakanivuta watatu.

Mashine ikanguruma. Ndani yake tukasikia, sote, sauti ikiita, "Mwana wange! Mwana wange!" Halafu ikanyamaza, ikatoka kahawa safi kama kawaida. Bosi alikimbilia ofisini kuzima, amechelewa.

Mama mmoja anayechambua kahawa pale ndiye aliyeniambia. Msimu uliopita kijana alikuwa ndani akiizibua, umeme ukarudi. Mama yake aliwahi kitufe, akakishikilia akiita watu, mkono ukamwishia nguvu kabla hawajafika. Naye hakukaa sana, akazikwa kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, kando ya mwanawe.

Kitufe kipya nilikifunga, kile kinachobaki chini ukishakibonyeza, na mashine haijiwashi tena umeme ukirudi. Lakini mimi sijapona. Umeme ukirudi nyumbani, mke wangu hunikuta nimekandamiza swichi ya jikoni, nalia, siachii.

Ninyi wenye mashine, zifungieni kitufe salama kabla yule mama hajawajia. Na ukimkuta mwenzako ameshikilia kitufe, anakuomba uzime kwanza, zima. Usimvute. Mimi nilivutwa, na mpaka leo sijui kama yule mama alikuwa ameshamfikia mwanawe.