Fundi wa Kericho aliyeyaacha masikio yake kiwandani

Kepher Atuti ameketi nyuma ya usukani wa gari ambalo hana ruhusa ya kuliendesha, na anabonyeza swichi kwa mara nyingine. Paa halitikisiki. Limejikunja nyuma ya kiti cha nyuma, turubai jeusi na vyuma vyake, na upande wa msitu mawingu yameanza kukusanyika.

"Mota imekufa," anasema, kisha anashuka na bisibisi mkononi.

Gari ni la Kimarekani, rangi ya maziwa, mali ya meneja wa shamba moja la chai hapa Kericho. Ni yale magari ya wazi ambayo paa hujifunika lenyewe. Unabonyeza swichi, mota inaendesha pampu, pampu inasukuma mafuta kwenye mipira ya kuyapitishia, na mafuta yanainua vyuma pamoja na turubai. Kununua gari la namna hiyo katika nchi ambayo mvua hunyesha karibu kila alasiri ni jambo la kushangaza, ila atakayemwambia mwenyewe bado hajapatikana.

Meneja anataka gari lake alasiri hii, na paa lake liwe juu. Dereva wake, Johana, Mkipsigis mrefu aliyevaa koti la kaki, amesimama kando akitazama. Uso wake ni wa mtu aliye na neno la kusema, lakini halisemi.

Kepher anang'oa kiti cha nyuma, anaifikia mota, anafungua nyaya, anazisugua kwa msasa na kuzirudisha mahali pake. Anarudi mbele, anabonyeza. Anatikisa kichwa. Anafungua tena. Asubuhi yote inakwenda hivyo, na karakana nzima inampisha kwa heshima, kwa maana huyu ndiye fundi mkuu wa shamba na hakuna anayemwingilia.

Adhuhuri anafika mkewe, Yunia, ambaye huchuma chai katika shamba hilohilo. Amebeba ugali wa wimbi na mboga. Anamkuta mumewe akibonyeza swichi, anasimama, anageuza kichwa kuelekea nyuma ya gari. Anaweka chakula chini, anazunguka hadi mbele ya mumewe, anamgusa bega, na kusema kwa sauti kubwa, kinywa wazi kila neno lionekane.

"Baba Phelis! Hiyo kitu inalia!"

"Inalia?"

"Inalia. Tangu nifike inalia."

Fundi anamtazama Johana. Johana anainamisha macho. "Imelia tangu asubuhi, mzee," anakiri kwa lafudhi ya Kikipsigis. "Nilifikiri hiyo ni tapia yake."

Kepher anaiweka bisibisi chini polepole. Mota aliyoifungua na kuifunga asubuhi nzima ilikuwa nzima, na ilikuwa ikizunguka vizuri kila alipobonyeza. Yeye tu ndiye hakuisikia.

Halafu anafanya jambo ambalo, kwa maoni ya mwandishi huyu, linahitaji moyo kuliko ufundi. Anamwuliza mkewe mbele yetu, mimi na Johana.

"Inalia namna gani, Mama Phelis? Nzito ama nyembamba?"

"Nyembamba. Kama mbu."

"Inakatika?"

"Haikatiki. Inapanda tu."

Kwa Kepher hayo yanatosha. Mota ikilia nzito, vyuma vimekwama mahali. Ikilia nyembamba, pampu inavuta hewa, maana yake mafuta yamepungua. Anainua zulia la upande wa kushoto, anapitisha kidole, ananusa. Mpira mmoja umepasuka karibu na kiungo chake.

Wanakula kwanza, wakiwa wameketi kwenye nyasi za karakana. Hapo ndipo anaponieleza.

Alitoka kwao Kitutu akiwa kijana, akaja Kericho kupalilia chai. Meneja wa wakati huo alimwona akitengeneza baiskeli ya nyapara, akampeleka kiwandani. Alikaa miaka ishirini na miwili katika chumba cha mashine za kusokota majani, ambako watu huzungumza kwa mikono kwa sababu sauti haifiki popote. Sifa yake ilikuwa masikio. Alikuwa akipita kati ya mashine kama daktari, akisema hii itaharibika kesho, na kesho inaharibika kweli.

"Siku moja dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, alileta pamba, tuzibe masikio," anasema. "Wenzangu wakachukua. Mimi nikacheka. Nikasema, mimi nikiziba, mashine itaugua na nani atajua? Nilijiona mjanja sana."

Anamega ugali, anautazama, hauli.

"Wale walioziba, leo wanasikia hata siafu wakipita. Mimi nililinda mashine. Na mashine ni nzima mpaka leo, unaweza kwenda kuiona."

Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka: ndege, kengele ya kanisa, kisha wanawake wanaoimba sauti ya juu, Yunia akiwa mmoja wao. Ngurumo na malori bado anavisikia. Alipohamishiwa karakana alijifunza kusoma midomo, ingawa mwenye sauti nyembamba kama Yunia bado humlazimu kupaza sauti. Watu wakimwita kwa nyuma asigeuke, wanasema mzee ana maringo. Aliwaacha waseme. Fundi asiyesikia huachishwa kazi, na anayeachishwa kazi hukabidhi chumba chake cha laini, zile nyumba za wafanyakazi, kabla mwezi haujaisha. Kwa miaka mitatu siri hiyo wameijua wawili tu, yeye na mkewe.

Sasa Johana naye anaijua. Dereva huyo anafuta mikono yake kwenye koti.

"Mzee, mimi sikuona kitu. Kari imetengenezwa, basi."

"Wewe ni mtu mzuri," Kepher anamjibu. "Lakini leo nimefungua mota isiyo na ugonjwa. Kesho mtu atakuwa ameingiza mkono kwenye mashine, apige nduru, na mimi niiwashe. Hapana. Leo nitaenda kumwambia Bwana meneja mwenyewe."

Kazi iliyobaki haichukui muda. Kepher anakata mpira pale ulipopasuka, anaurudisha kwenye kiungo na kuukaza, anamimina mafuta ya breki kwenye tundu la pampu. Johana anabonyeza swichi. Paa linainuka kidogo, linarudi, linainuka tena, hewa ikitoka. Kila mara fundi halitazami paa. Anautazama uso wa mkewe.

"Bado nyembamba," Yunia anasema. "Bado... Sasa inateremka. Sasa ni nzito, lakini haisumbuki."

"Hiyo ndiyo yenyewe."

Paa linapanda juu ya vichwa vyao, linashuka na kushika kioo cha mbele. Johana anapiga makofi. Inasikitisha kuona kazi safi namna hiyo na kujua kwamba pengine ni ya mwisho.

Namwuliza kama nina ruhusa ya kuyaandika haya.

"Andika. Kabla gazeti halijafika hapa nitakuwa nimeshamwambia Bwana." Anacheka kidogo. "Mimi hulisoma lote, hata matangazo ya mabati. Siku hizi ni hilo tu linalosema nami bila kunong'ona."

Mpango wake ni kurudi Kitutu mwezi huohuo atakaoachishwa. Atapanda chai yake mwenyewe, maadamu sasa Waafrika wanaruhusiwa. Lakini anasema chai siyo haraka yake.

"Phelis, binti yetu, ana mtoto kule nyumbani. Drusilla. Anakaribia miaka mitatu na hajasema bado. Si kitu, hata mama yake alichelewa. Nikienda mapema, pengine haya masikio yatakuwa yamebakisha kidogo, nisikie neno lake la kwanza."

Anafunga vifungo vya shati, anapanda kilima kwenda ofisini. Mvua inaanza.

Yunia anakusanya vyombo. Kwa mara ya kwanza tangu afike, anazungumza kwa sauti ya chini, sauti yake mwenyewe.

"Yule mtoto anasema, bwana mwandishi. Krismasi iliyopita alisema siku zote tulizokaa. Alikuwa anapanda kwa magoti ya mzee, uso ameulaza kifuani kwake, anamwita Sokoro, Sokoro, yaani babu, mpaka analala hapo."

Namwuliza mbona hajamwambia mumewe.

"Jambo kama hilo utampigia mtu kelele namna gani? Laini nzima ingesikia kabla yake." Anafunika sufuria. "Wewe liandike. Gazeti analisoma."