Joka Ndani ya Gunia

Mume wangu Gaute ni mbishi, sifichi, na miaka arobaini nimemvumilia. Alikuwa mwoka mikate. Alipostaafu, kijiji chetu kilikuwa kinaunda mashua ya makasia kama zile za Waviking, mabaharia wa kale wa huku kwetu kaskazini, naye akajitwika kazi ya kuchonga kichwa cha joka cha kuweka mbele. Alichonga majira mawili ya baridi, jikoni kwangu, maranda hadi kwenye siagi.

Sababu naijua. Kaka yake Torleiv, fundi mashua kama baba yao, aliwahi kumwambia mbele ya watu, "Wewe kanda unga, mbao tuachie wanaume." Neno lile lilimchoma. Alitaka Torleiv akione kichwa kile, basi.

Kiangazi tukaondoka, watu kumi na wanne, safari ya siku tano hadi kisiwani kwa Torleiv, tukipitia makaburi ya wafalme na mawe ya maandishi ya kale. Tatizo likawa sheria. Watu wa zamani walikataza kukaribia nchi kavu na joka mbele, lisije likatisha mizimu ya ardhi. Na aliyegonga meza kwenye mkutano wa kupanga safari mpaka tukapiga kura kuifuata ni nani? Gaute mwenyewe!

"Nchi kavu inaonekana, joka ndani," akaamuru Ragnfrid, mwalimu mstaafu, nahodha wetu.

"Lakini mwalimu, pwani yetu hii nchi kavu inaonekana saa zote!" Gaute akalalamika.

"Ungelifikiria hilo kabla ya kugonga meza."

Tulicheka mpaka makasia yakagongana. Siku nne joka likalala ndani ya gunia chini ya benchi langu. Kila tuliposhuka kwenye kaburi la mfalme fulani kula mkate na jibini ya kahawia, Gaute alikaa kando, amenuna. Nilimhurumia, jamani, ingawa nilicheka na wenzangu.

Siku ya tano, karibu kabisa na kisiwa, ukungu ukashuka. Ragnfrid akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Gaute, unaona nchi kavu?"

"Sioni, mwalimu!"

"Sasa unangoja nini?"

Sijawahi kumwona akikurupuka vile, kulitoa joka guniani. Alikuwa anakaza kigingi cha mwisho tuliposikia injini. Torleiv alikuwa anakuja na mashua yake kutuongoza, anapiga honi. Ghafla honi ikakatika.

"Mama yangu wee!"

Torleiv alikuwa ameogopa kweli joka lilipomtokea ukunguni, mtu mzima yule. Akasogea, mkono kifuani. Akavua glavu, akapapasa taya, meno, shingo, polepole, akitafuta kasoro.

"Nani kachonga?"

"Mimi."

Torleiv hakuondoa mkono shingoni mwa joka.

"Mdogo wangu," akasema, "kesho njoo karakana. Patasi za baba, nusu ni zako."

Gaute akalia palepale mbele yetu sote, wala hakujificha.