Maji Baridi ya Baringo

Nakumbuka Jumamosi moja pale Njoro, mwanangu, nikiwa mwalimu wa miaka miwili tu kazini, nimevaa tai ya kuazima na maikrofoni siiachii. Nakusimulia kwa sababu nimesikia umepewa kuandaa chemshabongo ya shule za msingi, na moyo wangu umeruka kwa furaha. Kazi tamu hiyo! Watoto wanapiga madawati, kengele ikilia hata walimu wakuu wanapanda juu ya viti.

Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikisoma maswali ya chemshabongo, na zilibaki shule mbili: moja kubwa ya bweni, na nyingine ndogo ya Bondeni, isiyo na hata kabati la vitabu. Zawadi ilikuwa vitabu vya maktaba nzima, katoni zimepangwa pale mbele, watoto wa Bondeni wanazitazama tu. Alama zilikuwa sawa. Likabaki swali moja, nikalisoma kwa madaha: "Taja ziwa moja la maji baridi katika Bonde la Ufa."

Chebet, msichana wa Bondeni, akawahi kengele. "Baringo."

Kadi yangu ilisema Naivasha. Niliiandika mwenyewe, na jibu la pili sikuliweka kwa sababu sikulijua. Hapo ilinipasa ninyamaze niwaulize walimu wenzangu. Lakini ulimi hauna mfupa, na wangu siku hiyo haukuwa hata na mwenyewe. Nikasema, "Baringo na lile joto lote? Hayo maji yatakuwa baridi saa ngapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Maji baridi, kama ujuavyo, ni maji yasiyo na chumvi. Mimi, mwalimu mzima, niliyafanya maji ya friji ili watu wacheke. Chebet hakulia. Alisema polepole, "Mwalimu, nyanya yangu hupikia chai hayo maji," akaketi.

Nilikuwa nageukia shule ya pili, pale Mwalimu Wanjiru, mama mstaafu aliyekuwa akitushikia saa, alipoifunika maikrofoni kwa kiganja. Hakupandisha sauti.

"Wewe umewahi kuonja maji ya Baringo?"

"Hapana, mwalimu. Lakini kadi inasema..."

"Kadi uliiandika wewe. Huyu mtoto maji ameyanywa. Kukosea si ajabu, kijana wangu. Ajabu ni kumwacha mtoto abebe kosa lako mpaka nyumbani."

Nilipata aibu mpaka masikio yakawaka. Ningeweza kunyamaza, na wengi wasingejua, na katoni zile zingepakiwa kwenye basi la shule yenye vitabu tele. Nikawatazama watoto wa Bondeni. Nikanyanyua maikrofoni. "Nimekosa mimi. Baringo ni jibu sahihi. Na nimekosa tena kwa kumfanyia mzaha. Chebet, nisamehe."

Mwanangu, kelele za siku ile sijazisikia tena! Hata wale wa bweni walipiga madawati. Chebet akaja mbele, akaomba maikrofoni, nami nikajua sasa nalipwa mzaha wangu. Akasema, "Asante, mwalimu. Lakini hata Naivasha ni sawa. Usiifute kwa kadi."

Basi, andaa shindano lako kwa shangwe zote, wala usiogope kelele. Ila kila swali mpelekee kwanza mtu wa kule linakotoka. Jibu usilolitarajia likija, nyamaza, uliza. Kuuliza si ujinga. Mtoto akikosa, usimtafutie kicheko. Na ukikosea mbele ya watoto, ungama mbele ya watoto hao hao, usingoje kumalizia ofisini.

Mungu akubariki, mwanangu. Akujazie ukumbi, akupe sauti isiyokauka, na akukutanishe na watoto wanaojua kuliko wewe.